Baruti ya Mji wa Salamu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyoianza nikijiona fundi mkubwa na kuimaliza nikiwa mtu wa kushukuru tu. Jana ulinijia na swali lako. Umeajiriwa kwa fundi bunduki mwenye leseni, umeonyeshwa rafu ya mikebe ya baruti, na wataka nikwambie ipi iliyo bora kwa risasi za bastola, na vile vichwa vya risasi vya kusubu viwe laini au vigumu. Ulitarajia nikutajie jina la mkebe uende zako. Lakini mzee ukimuuliza saa, huanza kukueleza jua lilivyochomoza. Kaa kitako. Kahawa ipo, na haluwa ipo, na leo sina pa kwenda.

Aliyenifunza kazi hii alikuwa Fundi Akbar, Mungu amrehemu. Wazee wake walivuka bahari kutoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Mji wa Kale, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Karakana yake ilikuwa katika kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana, mmoja sharti arudi nyuma. Alikuwa na leseni ya serikali imetundikwa ukutani katika fremu, juu ya picha ya harusi yake, na mkewe alikuwa akilalamikia jambo hilo kila Idi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza bunduki za watu wenye vibali, na kuwajazia risasi wanachama wa klabu moja ya kulenga shabaha ng'ambo ya daraja la Nyali.

Kujaza risasi, kwa asiyejua, ni kazi ya kutumia tena kilichokwisha kutumika. Ganda la shaba likishapigwa haliharibiki. Utaliokota, utalisafisha, utalitia fataki mpya kitakoni, ile ya kuwashia moto, utalimiminia baruti kwa kipimo, kisha utabana kichwa cha risasi juu yake. Basi. Mkono wa mtoto wa shule waweza kufanya hivyo, na ndipo hatari ilipo, kwa sababu kazi nyepesi haikukumbushi kwamba ni kazi ya kuogopwa.

Vichwa tulivisubu wenyewe, kwa kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Fundi alikuwa akinituma Liwatoni kwa wavuvi kununua chubwi kuukuu, zile risasi za kuzamishia nyavu, zikiwa bado zanuka samaki. Tulikuwa tukiziyeyusha uani, madirisha wazi, nami nimekatazwa kugusa hata njugu kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, maana madini ya risasi ni sumu ya polepole. Kisha alichanganya bati kidogo na madini mengine ili kuzipa ugumu. Mimi nilitaka ziwe ngumu kabisa. Kijana hudhani kigumu ndicho bora. Fundi alikuwa akichukua kichwa kilichopoa, akakikwaruza kwa ukucha, akanitazama juu ya miwani.

"Abudi, kichwa kigumu kupita kiasi hakikubaliani na mtutu. Moto hukipita ubavuni, mtutu wachafuka, shabaha yapotea. Nataka kichwa kisikilizacho."

Nami nilikuwa nikicheka kimoyomoyo, risasi isikilizayo! Siku hizi nina wajukuu, na ninajua ni kitu gani alichokuwa akikisema.

Baruti za bastola zilikuwa mbili kwenye rafu. Ya kwanza ilikuwa nzito na kali, yenye kuwaka upesi. Kipimo chake kilikuwa kidogo hata ukichungulia ndani ya ganda huoni ila vumbi kitakoni. Ya pili ilikuwa nyepesi na yenye kujaa, kipimo chake chapita nusu ya ganda. Fundi Akbar aliwajazia wanachama wote kwa ile ya pili, na ya kwanza alikuwa nayo kwa sababu mwenye duka la jumla huko bandarini alimfungia pamoja na bidhaa nyingine. Mimi niliona ni uzee tu. Nilisema, huyu baba amezoea mambo ya zamani, kama wale wanaokataa kubadilisha kinyozi.

Tena alikuwa na desturi moja iliyokuwa ikinichosha. Wajua mji wetu. Mtu hapiti dirishani akakuona asikusalimu, na salamu ya Mombasa si neno moja. Utaulizwa hali, utaulizwa wazee, utaulizwa yule mgonjwa ameamkaje na yule msafiri amefika salama. Kuitikia ni wajibu, na kuikata salamu katikati ni kukosa adabu. Sasa basi, sisi tulikuwa tukiyasimamisha maganda katika kibao cha matundu, tukiyajaza baruti moja moja. Sheria ya Fundi ilikuwa hii: ukisalimiwa ukiwa katikati ya kujaza, weka kipimo chini, itikia salamu yote kwa ukamilifu wake, kisha rudi umwage baruti ya kibao kizima na uanze upya. Hata kama waamini kabisa kwamba wakumbuka ulipofika.

Hebu fikiri, mwanangu. Kichochoro kile kilipitwa na watu waendao sokoni, waendao msikitini, wauzao kashata, watoto watokao chuo cha Kurani. Kuna asubuhi nilikimwaga kibao mara nyingi hata nikaanza kuomba mvua inyeshe, watu wabaki majumbani mwao.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwako Bwana Wafula, mtu wa bara, dereva wa treni, Mkristo mcha Mungu aliyekuwa akitusubiri tumalize kuswali bila kuguna hata kidogo. Mlengaji hodari. Ijumaa moja alikuja kuchukua risasi za mashindano ya kesho yake. Fundi hakuwapo, alikuwa Bondeni kwenye mazishi ya jamaa yake. Bwana Wafula akasema amesikia klabuni kwamba walengaji mashuhuri siku hizi watumia ile baruti kali, eti bastola hairuki mkononi. Akauliza kama tunayo.

Nilipaswa kusema, mngoje Fundi. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, nami nilikuwa nikitamani kuifungua ile baruti tangu ilipofika. Nikamwambia aje asubuhi. Jioni ile nikakaa peke yangu nikamjazia sanduku zima. Nilifuata kitabu cha vipimo, nikapima kwa mizani, hilo nililifanya vizuri. Na watu walipita, nikaitikia, nikarudi pale nilipokumbuka nimefika. Sikumwaga kibao hata mara moja. Asubuhi Bwana Wafula akachukua sanduku lake, akanishukuru, akenda.

Saa nne hivi Fundi akaja, amechoka na msiba, akakaa kwenye kiti chake na goti lake bovu amelinyoosha juu ya kigoda. Mimi nilikuwa nikimjazia mwanachama mwingine, kwa baruti yetu ya kila siku. Akapita Mzee Shee, jirani yetu, muadhini mstaafu. Salamu za Mzee Shee zilikuwa na milango na madirisha. Aliniuliza mpaka habari za paka. Nikaitikia yote, nikarudi kwenye kibao, na kwa kuwa Fundi alikuwa amefumba macho, nikaendelea pale nilipodhani nimefika. Nikamimina.

Baruti ikafurika. Ikamwagika juu ya ganda, juu ya kibao, ikatawanyika mezani. Ganda lile nilikuwa nimekwisha kulijaza kabla ya salamu, na sasa nimelijaza mara ya pili.

Fundi akafumbua macho. Hakukasirika. Akasema, "Waona? Yenyewe imekwambia." Kisha akatazama rafu, akauona mkebe wa baruti kali umefunguliwa muhuri. Nikaona rangi ya uso wake ikibadilika.

"Abudi. Hii umemjazia nani?"

Nikamwambia.

"Na watu walipita?"

Nikasema walipita.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile baruti kali kipimo chake ni kidogo mno. Ukikosea ukamimina mara mbili haifuriki, haimwagiki, haisemi neno. Ganda halijai hata nusu. Utabana kichwa juu yake, utaipanga risasi hiyo sandukuni pamoja na nyingine, nayo itafanana nazo kama pacha. Na siku itakapopigwa, bastola yaweza kupasuka mkononi mwa mtu, usoni mwake. Nikamwona Bwana Wafula na macho yake yale yaliyokuwa yakitazama reli usiku kucha, abiria wamelala nyuma yake wakimwamini.

Fundi alipiga simu klabuni. Ikalia, ikalia, hakuna aliyeishika, wote wako uwanjani. Akachukua bakora yake. Nikamwambia, "Fundi, wewe kaa, nitakwenda mbio mimi." Akanijibu, "Wewe hawakujui. Mimi nikisema wasimame, watasimama."

Basi tukatoka. Nataka uione safari ile, mwanangu, maana hata leo nikiikumbuka sijui nicheke au nilie. Gari haliingii vichochoroni, ikabidi twende kwa miguu mpaka Makadara kutafuta teksi. Mzee wa watu ametoka msibani hajalala, goti limevimba, anachechemea mbio mbio na bakora yagonga mawe. Na mji nao haujui kama tuna dharura! Kila kibaraza chatusalimu. "Asalam aleikum, Fundi, mwatoka msibani?" Naye anaitikia akiwa mwendoni, pumzi zamkatika: "Waaleikum salaam... ndiyo, twashukuru... nyumbani wazima... alhamdulillahi... ntakuja, inshallah..." Hakuacha hata mmoja bila jibu, na hakusimama kwa hata mmoja. Nilikuwa nyuma yake nikimwomba Mungu kwa ulimi mkavu. Sikuomba nisifukuzwe kazi. Niliomba mtu yule abaki na macho yake, basi.

Tulipofika, milio ilikuwa ikisikika. Kwenye uwanja wa shabaha kuna sheria kwamba mtu yeyote, hata mpishi wa chai, akipaza sauti "Simamisha!" wote huweka silaha chini, maswali baadaye. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka katika kifua chembamba kama kile. Uwanja mzima ukanyamaza. Bwana Wafula alikuwa amekwisha kupiga baadhi ya risasi za sanduku lile. Alikuwa mzima. Akaiondoa risasi iliyokuwa ndani, akaiweka bastola mezani, akageuka kututazama.

Nilingoja Fundi aseme, ni huyu kijana. Hakusema. Alisema, "Bwana Wafula, risasi hizi zimetoka dukani kwangu nami sina hakika nazo. Nirudishie." Bwana Wafula akazirudisha zote, hata moja iliyokuwa mfukoni, na mashindano yakampita hivyo hivyo. Akapanda nasi teksi kurudi mjini, kwa kuwa alitaka kuona mwisho wake.

Tukakaa karakanani sisi watatu, tukaanza kuzivunja. Kila risasi ilitolewa kichwa chake, ikamwagwa baruti katika sahani ya mizani, ikapimwa. Nzima. Ya pili, nzima. Mke wa Fundi akaleta chai, ikapoa, akaleta nyingine. Tukazivunja zote mpaka ya mwisho, na zote zilikuwa sawasawa. Hapakuwa na hata moja iliyojazwa mara mbili.

Nami, mwanangu, nikacheka. Ilikuwa ni ile nafuu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini pamoja na cheko, kiburi nacho kikanirudia, nikasema, "Alhamdulillahi, Fundi. Kumbe tumekimbia bure."

Ndiyo mara pekee aliyonipandishia sauti katika miaka yote niliyokaa naye. Alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

"Bure? Asubuhi ya leo ulikuwa wajua kwamba zi sawa? Mimi nilikuwa najua? Basi usiite bure. Umekiweka mkononi mwa mtu kitu usichokijua, ukakiita kizuri kwa kuwa hakikusema kitu. Ile baruti yetu unayoidharau, ukikosea yakumwagikia usoni, ukaona haya hapa hapa, mbele yangu, ukaanza upya. Hii nyingine yakusitiri leo ikuumbue kesho, na aibu yako ailipe mwenzio kwa macho yake. Sisi twakaa katika mji wa salamu, Abudi. Watu watapita, na watasalimu, na sitaki mji huu uache kusalimiana kwa ajili ya kazi yangu. Kwa hivyo nachagua baruti inayojua kwamba mimi nitakosea."

Bwana Wafula akakitazama kikombe chake, akasema kwa upole na kile Kiswahili chake cha bara, "Kijana, kule kwetu reli, taa ya ishara ikizimika, hatusemi pengine njia iko wazi. Taa iliyozimika tunaihesabu kuwa nyekundu. Nimesimamisha treni mara nyingi, na mara nyingi mbele hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeniita mjinga." Kisha akaniwekea mkono begani. Mkono ule ule niliokuwa nikiuogopea mchana kutwa, mzima, wenye vidole vyake vyote. Nikalia, wala sikujificha.

Fundi Akbar hakunifukuza. Aliniambia nikamwage baruti yote ile iliyovunjwa kwenye chungu cha mkewe cha mrihani, maana baruti hizi za kisasa huoza zikawa mbolea, na baruti isiyojulikana asili yake hairudishwi mkebeni kamwe. Jumatatu nilimkuta amenipangia kazi yangu mezani kama kawaida. Goti lake lilikuwa limefungwa kitambaa na alikaa na maumivu yale mwezi mzima, na hakuniambia hata mara moja, waona ulivyonifanya. Mwanangu, nimefanya kazi ile hadi nikastaafu. Watu huniuliza kama nimewahi kumuumiza mtu. Nawajibu, la, na si kwa uhodari wangu. Ni kwa sababu palikuwa na mzee aliyekubali kuaibika uwanjani na kuchechemea mjini kwa ajili ya kosa ambalo hata halikuwapo. Kila Ijumaa namsomea Fatiha. Bwana Wafula alirudi kwao bara akafia uzeeni, na yeye simsahau katika dua zangu, kwani wema hauna bara wala pwani.

Sasa jibu lako. Kitabu cha vipimo kifuate neno kwa neno, wala usiongeze la kwako, na maswali ya kiwango mpelekee fundi aliyekuajiri, kwa kuwa leseni ni yake na dhamana ni yake. Kichwa cha risasi kisiwe kigumu kwa ajili ya kujionyesha, kiwe cha kukubaliana na mtutu wake. Mezani uwe na mkebe mmoja wa baruti, mingine ibaki rafuni. Na katika baruti zote zilizo halali kwa ganda lako, chagua ile inayojaa, ile ambayo ukikosea itafurika uione.

Na usiishie kwenye baruti. Utakapochagua rafiki, chagua yule atakayekwambia usoni. Utakapochagua mke, usimtafute asiyekukosoa ukadhani hiyo ndiyo heshima, maana nyumba isiyosema neno ndiyo inayopasuka siku moja watu wakashangaa. Utakapopewa kazi au cheo, uliza kwanza: hapa nikikosea, nitajua lini? Ukijibiwa kwamba huwezi kujua, ogopa, hata kama mshahara ni mnono. Tahadhari kabla ya athari, walisema wa kale, na wa kale hawakuwa na bastola wala klabu. Ukiwa na shaka, simama. Ukirudi nyuma ukakuta hakukuwa na kitu, usione haya, mshukuru Mola kwa kukurudisha. Na ukisalimiwa, mwanangu, itikia. Kazi ngoja ianze upya. Sijaona mtu aliyejuta kwa sababu hiyo.

Haya, inuka, kazini watakungoja. Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na vidole vyako, na vya wote watakaoiamini kazi ya mikono yako. Akupe moyo usikiao na ulimi wa kushukuru. Na siku utakapokosea, kwani utakosea, akujaalie mtu wa kukukimbilia kabla hujajua kama pana la kukimbiliwa. Mfike, mkute pako salama, na ujue kwamba hakukimbia bure. Amin.